Elimu ya Nyota, kutoka Mtaa wa Lumumba hadi Mlimani

Kijana wa Kitanzania aliyechagua kusoma fizikia ya nyota hulisikia swali moja mara kwa mara, nyumbani na njiani: nyota zitakulisha nini? Wanaouliza si wajinga, wala si maadui wa elimu. Ni wazazi waliouza ng'ombe au vitambaa vya dukani ili mtoto asome, nao wanajua kwamba daktari hutibu, mwanasheria hutetea, na mhandisi hujenga. Kazi ya mtu anayepima mwanga wa nyota hawaijui. Swali lao lastahili jibu, na jibu la haki halipatikani kwa maneno matamu juu ya uzuri wa mbingu. Yafaa litafutwe katika historia. Insha hii yataka kulitafuta katika historia ya mji mmoja, Dar es Salaam, na hasa katika ile sehemu ya Kariakoo na Mnazi Mmoja ambako chuo kikuu cha nchi hii kilizaliwa.

Tuanze na jambo ambalo aghalabu husahauliwa. Elimu ya nyota haikuletwa katika pwani hii na vitabu vya fizikia vya Uingereza. Nahodha aliyesafiri kwa kusi na kurudi kwa kaskazi alikuwa na hesabu yake ya mbingu karne nyingi kabla ya skuli za wakoloni, na rubani aliyepatikana Malindi mwaka 1498 ndiye aliyeziongoza meli za Vasco da Gama hadi Calicut. Chombo cha mabaharia wa bahari hii kilikuwa kibao kidogo chenye uzi uliopigwa mafundo. Uzi ulishikwa kwa meno, kibao kikasogezwa mpaka ukingo wake wa chini ukagusa upeo wa bahari na wa juu ukagusa nyota, na fundo likaonyesha kimo cha nyota hiyo. Nyota ya ncha ya kaskazini, ambayo baharia wa Ulaya aliitegemea, haionekani Dar es Salaam hata usiku mmoja wa mwaka, kwa kuwa mji huu uko karibu digrii 7 kusini ya ikweta. Aliyetoka hapa kwenda Maskati aliiona ikipanda kutoka majini kidogo kidogo kadiri alivyokwenda kaskazini, na kimo chake kilimwambia amefika wapi. Hiyo ni jiometria ya tufe, ijapokuwa aliyeitumia hakupata kuliita kwa jina hilo.

Mkulima naye alikuwa na nyota zake. Kilimia, kile kishada cha nyota ndogo ndogo, chapata jina lake katika kulima, na wazee walitunza habari zake katika methali: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Nusu ya pili ya methali hii yaeleweka wepesi kwa mwanafunzi wa fizikia. Mwanzoni mwa mwezi wa Mei, masika yakiwa bado yanaendelea, kilimia huonekana chini magharibi mara baada ya jua kuchwa, kisha humezwa na mwanga wa machweo. Katika mwezi wa Juni huzuka tena mashariki kabla ya alfajiri, na wakati huo mvua zimekwisha. Nusu ya kwanza yaweza kusomwa kwa mwezi wa Novemba, ambapo kilimia huzama magharibi kunapopambazuka na huchomoza mashariki jua linapokuchwa, mvua za vuli zikikaribia. Aliyetunga maneno haya hakuwa akikisia. Alikuwa ametazama miaka mingi, au alikuwa amerithi macho ya waliotazama.

Hali kadhalika Nairuzi, mwaka wa jua wa Waswahili, ambao hadi leo huadhimishwa Makunduchi, Unguja, katika mwezi wa Julai. Mwaka huo ulihesabiwa kwa miongo ya siku kumi kumi: miongo 36 na siku 5, jumla siku 365. Kwa kuwa hauongezi siku moja kila mwaka wa nne, husogea kinyumenyume katika kalenda ya Kizungu kwa siku moja katika kila miaka minne. Ulitembea sambamba na mwaka wa mwezi, ambao ni mfupi kwa siku kama 11, na mtu mmoja aliweza kushika hesabu zote mbili: moja kwa ajili ya jembe na bahari, nyingine kwa ajili ya funga na sikukuu. Hata saa zetu zina asili yake mbinguni. Karibu na ikweta, tofauti ya urefu wa mchana kati ya Juni na Desemba haifiki saa moja, na kwa sababu hiyo yawezekana kuanza kuhesabu saa asubuhi jua linapochomoza bila kuvuruga shughuli za watu. Mtu wa London hakuweza kufanya hivyo, maana mchana wake wa Desemba ni nusu ya ule wa Juni.

Haifai, hata hivyo, kuipamba elimu hiyo kupita kiasi. Wanachuoni wa pwani walitenga falaki, yaani hesabu ya mienendo ya nyota, na unajimu wa kupiga ramli. Lakini katika mitaa ya mji mambo hayo mawili mara nyingi yalichanganywa. Tena falaki yenyewe ilijibu swali la lini, na haikuuliza sana swali la kwa nini. Ilijua mwezi utaandama lini. Haikuuliza ni nguvu gani inayoushika mwezi usianguke. Fizikia yaanzia hapo. Kwa hiyo kijana wa leo anayesoma elimu ya ulimwengu hauvunji urithi wa wazee wake, wala haurudii tu. Anauliza pale walipoachia.

Sasa tuje mjini. Jina la Kariakoo latokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi Waafrika waliobeba mizigo ya jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916, wapagazi walipigiwa kambi hapo, na jina likabaki baada ya kambi kuondoka. Uwanja wa Mnazi Mmoja uliwatenga wakazi wa Kiafrika wa Kariakoo na Wahindi na Wazungu wa upande wa bandarini. Katika mpaka huo, kwenye mtaa unaoitwa leo Lumumba, chama cha TANU kilikuwa kimejenga jumba lake. Tarehe 25 Oktoba 1961, siku 45 kabla ya Uhuru wa Tanganyika, jumba hilo lilifunguliwa kuwa chuo kikuu kishiriki cha Chuo Kikuu cha London. Wanafunzi wa kwanza hawakufika ishirini, na somo lao lilikuwa moja tu: sheria.

Yafaa tuseme wazi kwamba uchaguzi huo ulikuwa na maana. Nchi iliyokuwa ikijiandaa kujitawala ilihitaji watu wa kuandika na kusimamia sheria zake, na Afrika ya Mashariki haikuwa na mahali pengine pa kuwafundisha. Sayansi ilikuwa ikifundishwa Makerere, na Mtanganyika aliyetaka shahada ya fizikia alipanda kwenda Uganda. Mwalimu Nyerere alipenda kukumbusha katika uzee wake kwamba tulipopata Uhuru nchi ilikuwa na wahandisi wawili na madaktari kumi na wawili. Katika hesabu kama hiyo, nani angethubutu kumtaja mtu wa nyota? Basi chuo kikaanza na sheria, sokoni watu wakaendelea kununua na kuuza, na jioni ya mwisho wa Shaabani wakatoka nje kuutafuta mwezi mwandamo juu ya mapaa ya makuti na mabati, kama walivyofanya siku zote. Elimu ya mbingu ilikuwa mtaani. Chuo kilikuwa hatua chache tu kutoka hapo. Lakini mambo hayo mawili hayakujuana.

Mwaka 1963 chuo kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi. Mwaka 1964 kilihama Lumumba kikapanda mlima ulioitwa Observation Hill, mahali tunapopaita leo Mlimani, kiasi cha kilomita 13 kutoka katikati ya mji. Mwaka 1965 kikafunguliwa kitivo cha sayansi, na fizikia ikapata nyumba katika nchi yetu. Faida ya kuhama huko haina ubishi, kwani jumba la Lumumba lisingetosha maabara wala mabweni. Lakini palikuwa na hasara ambayo haikuandikwa katika vitabu vya mahesabu. Mlima ule una jina la kutazamia, na waliopanda juu yake walianza kutazama mbali. Ila walioachwa chini hawakuambiwa kilichoonekana.

Kisa kimoja cha miaka hiyo chafaa kukumbukwa na kila anayeingia darasa la fizikia. Mwaka 1963 mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Erasto Mpemba, alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Kawaida ilikuwa kuchemsha maziwa, kuyaacha yapoe, kisha kuyatia katika friji. Yeye, kwa kuhofia kukosa nafasi, aliyatia yakali moto. Yakaganda kabla ya maziwa ya mwenzake yaliyotiwa baridi. Alimwuliza mwalimu wake, akaambiwa amekosea. Baadaye, alipokuwa Mkwawa huko Iringa, aliuliza tena, na mwalimu akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya watu wote. Ndipo mwalimu wa fizikia wa chuo cha Dar es Salaam, Denis Osborne, alipofika Mkwawa kutoa mhadhara. Mpemba akasimama mbele ya wenzake akamwuliza: ukichukua vyombo viwili vyenye maji sawa, kimoja cha digrii 35 na kingine cha digrii 100, ukavitia katika friji, kile cha moto huganda kwanza, kwa nini?

Wenzake walicheka. Osborne hakumcheka. Alikiri kwamba hajui, akaahidi kwamba jambo hilo litajaribiwa maabara. Likajaribiwa Dar es Salaam, na maji ya moto yakaganda kwanza. Mwaka 1969 wawili hao walitoa makala katika jarida la Kiingereza la ufundishaji wa fizikia, na tangu hapo jina la Mpemba limo katika vitabu vya dunia nzima. Yafahamike kwamba Aristotle, Bacon na Descartes walikwisha kuligusia jambo hili zamani, na kwamba wanasayansi bado wanabishana kama hutokea daima, mara nyingine, au pengine ni makosa ya vipimo. Ubishi huo haumpunguzii Mpemba kitu. Yeye hakudai kwamba ana jibu; alidai kwamba kilichoonwa na macho yake kisifutwe kwa sababu kitabu hakikukitaja. Hakuwa mwanafizikia baadaye. Alisomea uhifadhi wa wanyama pori katika chuo cha Mweka. Lakini katika historia fupi ya fizikia ya nchi hii, hapana shaka kwamba swali mashuhuri kuliko yote lilitoka kwa mtoto wa shule, na sifa ya chuo chetu ni kwamba kililipokea.

Sasa tutazame kisa cha pili, ambacho chahusu nyota zenyewe. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya Uhuru wake, Wamarekani walirusha setilaiti ndogo kutoka jukwaa la Waitaliano lililosimama baharini karibu na Malindi. Mahali hapo palichaguliwa kwa sababu ya fizikia: kwa kuwa ni karibu na ikweta, setilaiti huweza kuzunguka juu ya ikweta na kuepukana na eneo la mionzi mikali lililoko juu ya Atlantiki ya Kusini. Kazi yake ilikuwa kutafuta nyota zitoazo miale ya eksirei, miale ambayo hewa yetu huizuia isifike chini. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi hiyo peke yake. Wenyewe waliipa jina la Uhuru.

Uhuru ilifanya kazi hadi mwaka 1973, na katika muda huo iliorodhesha nyota na vitu vingine vya mbinguni 339. Miongoni mwake kilikuwa kitu kiitwacho Cygnus X-1, ambacho miale yake ilibadilika haraka mno, katika vipande vidogo vya sekunde, hata ikajulikana kwamba ni kitu kidogo sana kwa ukubwa. Kisha ikagunduliwa kwamba kinazungukana na nyota kubwa inayoonekana kwa darubini. Hapo ilitumika hekima ambayo kila mwuza nafaka wa Kariakoo anaifahamu: usichoweza kukifungua na kukiona, waweza kukipima uzito kwa kutazama kinavyouvuta upande wa pili wa mizani. Kwa kupima jinsi nyota ile inavyoyumbishwa, walipata kwamba mwenzake asiyeonekana ni mzito kupita nyota yoyote iliyokwisha kufa inavyoweza kuwa bila ya kuporomoka ndani yake yenyewe. Kwa hesabu iliyotolewa mwaka 2021, uzito wake ni kama wa jua 21, na umbali wake ni kama safari ya mwanga ya miaka 7,200. Hicho ndicho kitu cha kwanza kilichokubaliwa na wanasayansi wengi kuwa shimo jeusi, yaani mahali ambapo mvutano umezidi hata mwanga hauwezi kutoka. Mwaka 2002 Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi ile, alipewa tuzo ya Nobel.

Mtaa wa Uhuru wapita Mnazi Mmoja na Kariakoo. Zamani uliitwa Kichwele. Mwaka ule ule wa 1970, tarehe 1 Julai, chuo cha Mlimani kilipata uhuru wake kikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Basi katika mwaka mmoja neno hili la Kiswahili lilikuwa mtaani, likawa chuoni, likapanda mbinguni. Twaweza kujivunia, na si vibaya. Lakini fahari isitufumbe macho. Roketi ilikuwa ya Marekani, jukwaa la Italia, na hesabu zilifanywa ng'ambo. Bahari ilikuwa ya Waswahili na neno lilikuwa la Waswahili. Swali halikuwa lao. Hapo ndipo penye uzito wa jambo tunalolizungumza.

Atasema msomaji: je, ingewezekana vinginevyo? Yanasimuliwa maneno ya Mwalimu Nyerere kwamba wakati wengine wanajaribu kufika mwezini, sisi bado twajaribu kufika vijijini. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, alitaka masomo yamfae yule mkulima anayeyalipia. Hoja hii ni nzito, na anayeipuuza hajui njaa. Mimi naikubali nusu. Naikubali kwamba nchi isiyo na maji safi isinunue darubini ya mabilioni. Lakini fizikia ya nyota haina sheria zake peke yake. Mvutano unaoumba shimo jeusi ndio unaoshusha maji ya mvua kutoka mapaa ya zege ya soko la Kariakoo, lililobuniwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, ambalo paa lake lilifanyizwa kwa makusudi likusanye maji hayo. Anayejua kusoma mwanga wa nyota ajua kusoma mwanga wa kitu chochote, awe katika maabara ya hospitali au ya udongo. Wengi waliosomea sayansi Mlimani wakawa walimu wa sekondari, na hapana mtu aliyefika kijijini kwa wingi kuwashinda walimu.

Zaidi ya hayo, zama zimebadilika. Abdus Salam wa Pakistan, aliyeanzisha kituo cha fizikia cha Trieste mwaka 1964, alikuwa ameuona unyonge wa mwanafizikia wa nchi maskini: yu peke yake, hana mwenzake wa kubishana naye, hana vitabu vipya. Leo vipimo vya darubini nyingi kubwa vyatolewa bure kwa kila mwenye kompyuta, na Kenya, Zambia na Msumbiji zimo katika nchi za Afrika zilizoungana na Afrika Kusini katika kazi ya darubini za redio. Tena mahali petu penyewe ni mali. Aliye Dar es Salaam huweza kuziona karibu nyota zote za mbingu katika mwaka mmoja, za kaskazini na za kusini, jambo ambalo mtu wa London hawezi.

Linabaki suala la lugha, nalo ni kubwa. Chuo Kikuu kina taasisi ya uchunguzi wa Kiswahili tangu 1964. Mwaka 1982 tume ya rais ya elimu ilipendekeza Kiswahili kifundishie sekondari, halikutekelezwa. Mwaka 1990 taasisi hiyo ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Maneno, basi, yapo, na yanayokosekana yaweza kuundwa. Kilichopungua ni watu wa kuyatia kazini. Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipopatwa kwa umbo la pete huko Rujewa, mkoani Mbeya, watu wengi walikusanyika kutazama, na Dakta Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria, aliyetumia miaka mingi kuwafundisha wananchi habari za anga, alikuwa miongoni mwa walioleza. Kiu ya watu ilionekana siku hiyo. Wale waliofika hawakuuliza jua litawalisha nini. Waliuliza kwa nini halikufunikwa lote, na jibu lake, kwamba mwezi ulikuwa mbali kidogo kuliko siku nyingine na kwa hiyo ulionekana mdogo, laweza kuelezwa kwa Kiswahili bila ya kutafuta hata neno moja la kigeni.

Kwa hiyo jibu la swali la wazazi ni hili. Nyota hazimlishi mtu kama mahindi yanavyomlisha. Lakini taifa ambalo halimfundishi hata mtoto wake mmoja kuuliza maswali makubwa litakula majibu ya wengine, kwa bei watakayoipanga wao. Wazee wa pwani walizisoma nyota kwa haja zao na kwa lugha yao. Mwanafunzi wa fizikia wa leo ana wajibu wa aina tatu: ajifunze hesabu zake barabara, maana bila hizo maneno yake yatakuwa hewa, asimcheke mwenye swali, awe mtoto wa shule au mchuuzi wa sokoni, na akishajua, ashuke Mlimani aende Kariakoo akaseme kwa Kiswahili alichokiona.